Chai Kabla ya Gunia

Ukishuka kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu, barabara imebanwa kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, na upande wa kushoto hakuna kitu ila hewa. Asubuhi hiyo ya Agosti ukungu ulikuwa umelala bondeni, Longonot ikitokeza kilele tu. Gari letu ni HiAce iliyofanya kazi ya matatu miaka mingi kabla hatujainunua. Seremala wa Gikomba aling'oa viti, akatia vitanda viwili vya kukunja, kabati la vyombo, na sanduku refu la mablanketi ambalo mchana hugeuka benchi. Meko ya gesi inakaa kando ya mlango wa nyuma, mitungi ya maji chini ya kitanda. Mume wangu aliliteremsha kwa gia ya pili. Watoto walikuwa wamebandika nyuso kwenye kioo. Mbele, karibu na dereva, alikaa Baba, kofia yake ya viua kichwani na sweta mbili mwilini.

Safari ilikuwa yake. Baba alifanya kazi kwenye maghala ya chai ya Shimanzi, Mombasa, tangu ujana hadi kustaafu. Aliingia enzi za masanduku ya mbao nyembamba yaliyotandikwa karatasi ya kung'aa ndani, akatoka enzi za magunia ya karatasi. Gunia la chai huandikwa jina la kiwanda, daraja la chai na uzito, na majina hayo ndiyo yaliyolisha nyumba yetu: Kapkatet, Litein, Momul, Tegat, Mogogosiek, Kapkoros, Tirgaga. Tulipokuwa wadogo tuliyasikia mezani kila siku, jinsi watoto wengine wanavyosikia majina ya mashangazi wa mbali. Baba angeweza kukwambia kwa harufu kama chai ililala mahali penye unyevu. Lakini mchai wenyewe, umesimama ardhini na majani yake mabichi, hakuwahi kuuona. Niliona si haki mtu aage kazi ya maisha yake akiwa ameijua nusu tu.

Chini ya mteremko tulisimama kwenye kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hii. Baba alilizunguka akigusa kuta kwa kiganja, akauliza kama waliolijenga walipata kurudi kwao. Mji wa Mai Mahiu haujasahau Aprili 2024, usiku ambao maji yaliyokuwa yamezibwa nyuma ya tuta la reli ya zamani yalipasua njia na kuchukua makumi ya watu. Kutoka hapo hadi Suswa ni tambarare kavu, vumbi na mbuzi. Ndipo mahali ambapo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka na ufa ukaikata barabara. Mwanangu wa kiume alitaka kujua kama inaweza kufunguka tena tukiwa juu yake. Babu yake akamjibu, "Mungu akitaka, mjukuu wangu. Lakini baba yako yuaendesha vizuri."

Narok hatukukaa. Tulijaza mafuta na kununua nyanya na vitunguu, kisha tukaendelea hadi Ewaso Ng'iro, pale magari ya watalii yanapokata kushoto kwenda Maasai Mara. Sisi tulinyoosha, na nchi ikabadilika rangi. Kuanzia hapo hadi karibu na Ololulung'a ni ngano, mashamba yasiyo na mpaka wa kuonekana, yakiwa yameiva, mashine za kuvuna zikiyala polepole na kuacha mavumbi ya dhahabu. Upande wa kulia milima ya Mau ilikuwa inatusindikiza, juu yake wingu zito ambalo halikusogea mchana kutwa. Wingu hilo lilistahili kutazamwa kuliko kitu chochote tulichopita, kwa sababu kila kilichokuja baadaye, kuanzia mto wa kwanza hadi kikombe cha mwisho, kinatoka humo.

Mulot ndipo kaunti ya Narok inapokabidhi barabara kwa Bomet, na anayeshuhudia ni mto Amala. Si mto wa kutisha. Una maji ya rangi ya chai ya maziwa na wanawake wakifua kando. Unatoka msituni Mau, na pamoja na mwenzake Nyangores, unaopita Bomet, huungana na kuwa mto Mara, ule ambao nyumbu huuvuka wakipigwa picha na dunia nzima. Wengi wanaujua kule chini wenye mamba. Huku juu ni maji ya kufulia, ya kunyweshea ng'ombe, ya kupikia ugali.

Baada ya Mulot mashamba yalipungua ukubwa. Ngano ikaisha, ukaja ua wa miti uliokatwa vizuri, boma dogo lenye bati jipya, mahindi ekari moja, ng'ombe wa gredi wawili watatu, maziwa kwenye pikipiki. Kila tulipopanda kidogo kijani kilizidi kukolea. Bomet mjini tuliikuta na baridi, tukapanda hadi Silibwet na Tenwek, ambako wamishenari walianza hospitali mwaka 1937 na ambako maporomoko ya Nyangores yamewekewa mitambo ya kuipa hospitali hiyo umeme. Watoto walilowa rasharasha kwa furaha. Mimi nilikuwa namtazama Baba, kwa sababu mlima wa ng'ambo ya mto ulikuwa tayari una chai.

Hakuiona mara moja. Alidhani ni nyasi zilizokatwa, maana kwa mbali chai haionekani kuwa miti, ni sakafu moja iliyolala juu ya kilima na kufuata kila bonde na kila mgongo. Tulipozidi kupanda tukafika penye kibao cha kiwanda. Baba akasoma kwa sauti, "Tirgaga." Akanyamaza. Akasoma tena. Mume wangu akaegesha pembeni bila kuambiwa. Baba alishuka, akasimama ukingoni mwa shamba la mtu, mikono nyuma, hakugusa kitu kwa kuwa hatukuwa tumebisha hodi kwa mwenyewe. Aliinama akachungulia chini ya ile sakafu, akaona vigogo. Vinene, vimepinda, vyenye kuvu la kijivu, umri wao labda sawa na wake. "Kumbe ni mti," akasema. "Ni mti mkubwa uliozuiwa." Ndivyo ulivyo hasa. Mchai ukiachwa hurefuka kumpita mtu mara kadhaa, na kinachoushikilia kiunoni ni kuchunwa kila baada ya wiki moja au mbili na kupogolewa kila baada ya miaka michache.

Kutoka Bomet tulipitia Kaplong, tukaacha njia ya Sotik na Kisii kushoto, tukapanda Kapkatet na Litein. Njia hiyo Baba aliipita akiwa ameketi wima, akisoma vibao. Kapkatet alisema ilikuwa na PF1 safi, punje zilizolingana, aina inayotafutwa na wapakiaji wa chai ya vifuko. Kiwanda kingine, ambacho aliniomba nisikiandike, aliwahi kurudisha magunia yake yaliyopasuka, na hata leo hajakisamehe. Binti yangu alichukua daftari la shule akawa anaandika majina na sifa kadiri babu yake alivyotaja.

Tulikuwa tunaenda kulala kwa rafiki wa mume wangu, mwalimu mstaafu mwenye shamba upande wa Litein. Kabla hatujafika mbingu ikafanya ilichokuwa ikituahidi tangu Ololulung'a. Upepo ukageuka, giza likaingia saa kumi jioni, na mvua ya mawe ikashuka. Ndani ya gari la bati huwezi kuzungumza. Tuliegesha chini ya mkaratusi, kisha mume wangu akatusogeza mbali na matawi. Barabara iligeuka nyeupe. Mawe yaliruka juu ya chai, yakajikusanya kwenye njia za wachunaji, na kile kijani tulichokuwa tukikisifu kikawa na matundu. Ilidumu muda wa kuchemsha sufuria ya maji, kisha ikaisha, na harufu ya majani yaliyopondeka ikajaa kote. Baba alivuta pumzi na kusema ni harufu ya chai kabla haijawa chai.

Nyanda hizi za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda mchana, ikakutana na upepo wa mashariki juu ya milima, ikarushwa juu hadi kwenye baridi kali. Hewa hiyohiyo ndiyo inayoleta mvua karibu kila alasiri na kuifanya chai imee mwaka mzima. Mkulima hapati mojawapo bila nyingine. Mwalimu alitupokea langoni na mwavuli, akasalimia, akamshika Baba mkono kwa mikono miwili, kisha jicho lake likaenda shambani. "Ya wiki hii imekwenda," alisema. Hakulisema tena.

Gari tuliliegesha kati ya nyumba na zizi. Mama mzazi wa Mwalimu, ambaye watoto walielekezwa wamwite Kogo, alitoka jikoni na sotet, kibuyu kirefu cha mursik, maziwa yaliyolala ndani ya mkaa wa mti wa senetwet hadi yakawa na madoa ya kijivu na ukali wa kupendeza. Binti yangu alikunywa akaomba tena. Mwanangu alikunja uso, na Kogo akacheka akampikia chai. Tulikula ugali, sukuma wiki na kuku, Baba na Kogo wakiwa karibu na moto. Kiswahili chao kilikuwa na miguu tofauti, mmoja wa Mvita, mwingine wa soko la Litein, lakini walielewana. Usiku, upepo ulipotulia, ikaja harufu tamu na nzito kutoka upande wa kiwanda. Viwanda vya chai havilali, kwani jani likishachunwa halisubiri kesho. Hunyaushwa, husagwa, huachwa lichache hadi liwe la shaba, kisha hukaushwa kwa joto la kuni za mikaratusi. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. "Hiyo inatoka kwenye kikaushio," akamwambia Mwalimu. "Bado moto. Sisi yatufikia imeshapoa."

Wakakaa nje hadi usiku. Nilisikia Mwalimu akimweleza habari ya ardhi, kwa sababu huku huwezi kuzungumzia chai bila kuzungumzia ardhi. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa miaka ya 1920, kampuni za Kiingereza zikichukua miinuko yenye mvua bora, na Wakipsigis, wenyeji wa hapa, wakasukumwa pembeni. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto na malaria, kwa kuwa viongozi wao wa kiroho waliogopwa. Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kupanda chai hata kwenye kipande chake mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni. Mamlaka ya kuwaendeleza wakulima wadogo, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na michai ya Mwalimu ilipandwa na baba yake muda mfupi baada ya hapo. Vigogo vile Baba alivyovichungulia Tirgaga si vya Mwingereza. Viliwekwa ardhini na watu waliokuwa wamesubiri ruhusa. Sidhani mtu anaweza kuipita nchi hii kwa haki akisifu kijani peke yake.

Asubuhi tulifuatana na Mwalimu hadi kituo cha kununulia majani. Ni banda la mbao na bati kando ya barabara, lina meza ndefu na mzani. Wachunaji walifika mmojammoja, vikapu mgongoni, aproni za plastiki zikichuruzika umande, wakamwaga majani mezani ili karani ayakague. Jani zuri ni mawili na chipukizi. Likiwa limekomaa, gumu, au limechanika na mawe, linatupwa pembeni. Asubuhi hiyo rundo la kutupwa lilikuwa kubwa. Mama mmoja alichambua kikapu chake jani kwa jani, bila haraka wala malalamiko, akayatenga yaliyotoboka, na kilichobaki kilipowekwa kwenye mzani alikitazama kama asiyetaka kujua.

Mwalimu ndiye aliyemtambulisha Baba. "Huyu mzee amepokea chai yetu Mombasa maisha yake yote." Watu wakamgeukia. Mama yule wa kikapu aliuliza swali la kwanza, nalo lilikuwa lenyewe: chai yetu ikifika huko inakaa wapi, na nani anaiangalia? Baba akavua miwani. Akawaeleza ghala, jinsi magunia yanavyopangwa kwa jina la kiwanda na daraja bila kuchanganywa, sampuli zinavyochukuliwa na kupelekwa kwa madalali na wanunuzi, waonjaji wanavyopiga funda na kutema, kisha mnada wa kila wiki, ambao ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969. Akawatajia inakokwenda chai yao: Pakistani, Misri, Uingereza. Akasema gunia la Litein alilijua hata kabla ya kusoma maandishi. Kijana mmoja akauliza mbona bonasi ya upande huu huwa chini ya ile ya wakulima wa Mlima Kenya, na Baba akamjibu kwa uaminifu kwamba bei hupangwa na wanunuzi baada ya kuonja, na yeye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kinachoonjwa hakijaharibikia ghalani. "Hilo nililifanya," akasema. "Gunia lenu sikuliacha kwenye maji hata siku moja."

Kisha naye akaomba. Mama yule alimwongoza hadi safu ya kwanza ya shamba la jirani, akamwonyesha kidole gumba na kidole cha shahada vinavyokwenda, kuvunja na si kuvuta, usiguse jani la chini. Baba alichuna kidogo, polepole, akatia kiganjani. Mawili na chipukizi. Alirudi akayaweka kwenye kikapu cha mama, si mfukoni mwake, na lori lilipofika, magunia ya majani yakaning'inizwa ndani yasijikandamize na kupata joto, likaondoka nayo.

Kericho mjini hatukuchelewa kufika, lakini ulimwengu ni mwingine. Mashamba ya huko hayana boma wala mahindi katikati. Ni chai na chai, mistari iliyonyooka, vijiji vya wafanyakazi vilivyojipanga. Miaka ya karibuni mengi yamepita kutoka mikono ya Waingereza kwenda kwa kampuni ya Sri Lanka, na kwenye baadhi yake tuliona mashine za kuchuna zikisukumwa na watu wachache mahali palipohitaji mamia. Mwaka 2023 hasira za vijana waliopoteza kazi ziliwaka hapa hadi mashine kadhaa zikachomwa moto. Nilizitazama mashine za siku hiyo zikipita juu ya sakafu ile ya kijani, zikikata jani zuri na baya pamoja, nikakumbuka vidole vya mama wa Litein.

Chakula cha mchana tulikula kwenye gurudwara, hekalu la Masingasinga ambako hupikwa kila siku kwa yeyote anayeingia. Hapa ndipo alipoishi na kufanya kazi kiongozi wa kiroho Baba Puran Singh kabla ya kuhamia Uingereza, na waumini wake duniani kote bado humwita wa Kericho. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi sakafuni na madereva wa malori, familia kutoka Kisumu na wanafunzi. Tulipewa dengu, chapati, mboga na chai ya maziwa yenye tangawizi. Baba alionja chai hiyo kwa umakini wa kazini, akasema ni PD au D1, ya unga, iliyochemshwa ipasavyo. Mwenye kugawa aliposikia alimwongeza kikombe. Kanisa kuu la Kikatoliki lililofunguliwa 2015 tuliliona kwa nje tu, paa lake refu likipanda kilimani. Jioni tulitembea Chagaik, penye bwawa na miti ya nchi nyingi iliyopandwa na mkulima mmoja wa chai wa zamani, mbega wakirukaruka juu na mkia mweupe nyuma.

Asubuhi ya kuondoka tulikunja vitanda, tukaosha meko, mume wangu akapima mafuta ya injini. Njia ya nyumbani ilikuwa kulia: Brooke, Londiani, Mau Summit, Nakuru, Nairobi. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Binti yangu alikuwa na daftari lake mapajani, akamsomea babu yake majina aliyobakiza bila kuyawekea alama. Chebut. Kaptumo. Hayo yako Nandi. Baba hakusema neno, alitazama barabara tu. Mume wangu alizima indiketa ya kulia. "Mzee," akasema, "kutoka hapa ni Kapsoit, Awasi, tukapanda kwa Chemelil. Jioni tutakuwa Nandi Hills." Mimi nilihesabu pesa za mafuta kichwani, nikamwambia apite kwanza penye mkate na mitungi ya maji.